Hamira Haiombwi Mara Mbili

Jumamosi ile ya kuelekea Noeli, duka la vitabu la Regensburg lilifurika watu hadi mlangoni. Makoti yenye theluji yalisuguana, watoto walilia, mashine ya malipo ililia kuwashinda. Afra Zintl alikuwa juu ya ngazi akivuta kitabu cha keki, pale sauti ya mwanamume ilipompandia kutoka chini.

"Dada, samahani. Natafuta kitabu cha kuanzisha kiwanda cha bia."

Afra akainamisha macho. Aliona koti la rangi ya haradali, skafu iliyofumwa na mtu asiyejua kufuma, na macho ya kahawia yasiyo na haraka katikati ya umati wenye haraka.

"Umeshawahi kupika bia?"

"Bado."

"Hata sufuria moja?"

"Hata kikombe."

"Basi kaka yangu, unachagua jina la mtoto na mke hujaposa."

Bibi mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, masikio yakamwiva. Afra akashuka, akampeleka kwenye rafu ya vinywaji. Hapo ndipo ulipokuwa ufalme wake.

"Sikia. Vya kupika nyumbani viko vingi, vingine vina picha za kukutoa mate. Achana navyo. Chukua hiki, hakina picha, lakini kimeandikwa na mtu aliyewahi kuunguza sufuria. Hiki cha pili ni cha kuonja, kinaufundisha ulimi kusema. Na cha tatu ndicho hicho unachokililia, cha kiwanda."

"Nifungie vyote."

"Nakuuzia kimoja. Niletee chupa ya bia uliyoipika kwa mkono wako. Nikiinywa hadi chini bila kukunja uso, utapata cha pili. Cha tatu tutaona."

"Hapa ni dukani au ni ukweni?"

"Foleni ndefu, kaka. Unalipa au unaposa?"

Jina lake Valentin Schraml, fundi wa lifti. Wiki nzima alikuwa akipandisha na kushusha watu katika majengo ya wengine, na alitamani kabla hajazeeka awe na kitu ambacho watu wangekifuata wenyewe kwa miguu yao.

Chupa ya kwanza ililetwa theluji ikiwa bado nene. Afra alionja, akafumba jicho moja.

"Kadibodi iliyonyeshewa."

"Hata tone la sifa?"

"Chupa ni safi."

Usiku huo huo simu ikalia. "Shomoro wangu, nimegundua. Niliitikisa wakati wa kuijaza, ikaingia hewa."

"Nani shomoro wako?"

"Anayedonoa bia ya watu."

Afra alikata simu, akajikuta anatabasamu mbele ya jokofu lililo wazi. Na chupa ya nne aliinywa hadi chini, wamesimama kwenye daraja la mawe, upepo wa mto Danube ukimpepea skafu. Alipogeuza chupa kichwa chini kumwonyesha, Valentin hakungoja tena. Busu lile lilikuwa na povu.

Akapata kitabu cha kuonja, na tangu hapo akawa mtu wa kunusa kila kitu. "Nywele zako zina tufaha, na moshi kidogo."

"Wewe una grisi ya lifti, na si kidogo."

Lakini kitabu cha tatu kilibaki kwenye droo ya Afra. Kuna jambo alikuwa hajamwambia.

Katika mji mdogo wa Steinreuth, mwendo wa saa moja na ushee kwa treni, bibi yake alikuwa amemwachia nyumba yenye haki ya kupika bia katika jiko la mji. Haki ile haiuzwi peke yake, imeng'ang'ania nyumba kama paa. Nyumba hupokezana zamu, na ambayo bia yake imeiva hutundika nyota ya mbao juu ya mlango, watu wakaingia na kukaa sebuleni kama kwao. Tangu bibi afariki, mlango ule haukuwa na nyota. Sasa wapishi wenzake walikuwa wametuma neno: msimu huu wa kuchipua ukipita bure, zamu inakwenda kwa mwingine.

Alipomwambia Valentin hatimaye, macho yake yaling'aa. Yaling'aa mno, Afra akafikiri. Akampigia simu shangazi yake wa Steinreuth, Kreszenz.

"Mwanamume anatafuta kiwanda," shangazi alisema, "na wewe una nyumba yenye haki. Mwanangu, paka hafuati bucha kwa ajili ya mazungumzo."

Afra alicheka. Ila mwiba ulikuwa umeshaingia.

Aprili walipanda treni pamoja. Siku ya kupika, Afra alishinda jikoni mwa mji akisukuma magogo motoni, kitambaa cha bluu kichwani, uso mwekundu kama figili. Valentin alibaki nyumbani kuosha chumba cha chini, ambamo bia ingelala. Jioni togwa ya shayiri, tamu na yenye uchungu wa hopsi, yale maua ya kutia bia ukali, ilipandishwa kwenye sinia pana la chuma chini ya paa, ipoe hadi asubuhi.

Asubuhi trekta iliileta hadi mlangoni. Tangi la chumba cha chini lilipojaa, Afra akainama kuchukua mtungi wa udongo uliokuwa pembeni.

Mtungi ulikuwa umefudikizwa, unang'aa.

"Valentin. Kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Yale matope? Yalikuwa yanavunda, mpenzi. Kitabu kinasema usafi kwanza. Nimesugua kwa maji ya moto mpaka..."

Hakumaliza. Uso wa Afra ulikuwa umepauka.

"Ile ni hamira. Hamira ya mtaa. Nilipewa juzi na mzee Punzmann, naye alipewa na aliyemtangulia, na bibi yangu naye aliwapa wao kabla hujazaliwa!"

"Nitanunua nyingine. Nakwenda mjini sasa hivi..."

"Ya dukani haiingii kwenye bia ya nyota! Na hii togwa ikikaa bila hamira hadi jioni, imeharibika. Zamu imekwenda. Nyumba imekwenda!"

"Basi turudi kwa mzee Punzmann."

"Hamira haiombwi mara mbili. Nyumba inayoomba mara mbili ni nyumba isiyojua kutunza. Bibi alisema hivyo maisha yake yote." Kisha ule mwiba ukatoka, umepinda: "Au ndivyo ulivyotaka? Ya bibi imwagwe, uje na yako, na jina lako mlangoni? Shangazi aliniambia. Niliyaona macho yako yaking'aa siku ile. Hukunipenda mimi, umependa mlango wangu."

Valentin aliweka brashi chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akachukua koti lake la haradali, akapanda ngazi. Geti likagonga.

Afra aliketi kwenye kidato cha chini, aproni imelowa. Togwa ilimnukia utamu wa mkate, imetulia tangini bila kiputo hata kimoja. Akasikia kengele ya treni ya Regensburg kwenye kivuko cha reli. Ameondoka, akawaza. Maneno yale yalikuwa yangu au ya shangazi? Akatamani ayameze, lakini maneno si bia.

Simu ikalia.

"Afra!" Ni shangazi Kreszenz, anahema. "Mtaa mzima unasema umechumbiwa, na mimi shangazi yako nakuja kusikia kwa muuza mikate!"

"Nani kachumbiwa?"

"Wewe! Mchumba wako kasimama mlangoni kwa Punzmann, karibu na foleni ya mikate, anapiga kelele kama mnadi samaki!"

Geti likagonga tena. Valentin alishuka ngazi mgongo kwanza, amekumbatia ndoo iliyofunikwa kitambaa. Koti lilikuwa na tope hadi kiunoni.

"Usiseme kitu," alisema, akihema. "Mimina kwanza. Nilimwambia mzee ukweli: aliyemwaga ni mimi, kwa hiyo nyumba haijaomba mara mbili. Aliyeomba ni mjinga mmoja wa Regensburg. Akasema hamira hapewi mpita njia, wewe ni nani wa nyumba ile? Nikasema mchumba. Mzee kiziwi, Afra. Ilibidi niseme mara tatu."

Afra alishika mdomo. Hakujua kama ni kicheko au kilio kilichokuwa nyuma ya mkono.

"Kesho nitapita mlango kwa mlango kukanusha," Valentin aliendelea, sauti imeshuka. "Na kuhusu mlango wako: uuze leo ukitaka. Tukaishi juu ya karakana ya lifti, nikupikie kwenye sufuria ile ile ya kadibodi. Macho yangu yaling'aa siku ile kwa sababu ulikuwa unasimulia habari za bibi yako. Hujawahi kujiona unapomsimulia."

Afra alipokea ndoo, wakaiinua pamoja, hamira ikashuka nzito na ya kijivu ndani ya togwa. Wakakaa kidatoni, bega kwa bega, hawagusani mikono. Mchana wote walitazama. Jua lilipofika kwenye kidirisha, kiputo kimoja kilipanda, kikapasuka. Kisha kingine.

"Nisamehe," Afra alinong'ona. "Yale maneno."

"Yalikuwa makali. Ila chupa ilikuwa safi."

Wakacheka hadi machozi.

Mwezi Mei bia iliiva. Majirani walijikusanya barabarani, mzee Punzmann mbele na bilauri yake mfukoni, shangazi Kreszenz amevaa gauni la kanisani. Afra alisimama juu ya ngazi, nyota mkononi, gauni lake la kijani likipepea. Kwa desturi, nyota hutundikwa na mtu wa nyumba.

"Dada, samahani," sauti ikapanda kutoka chini. "Bado natafuta kile kitabu cha kiwanda."

"Hakiuzwi." Afra akaanza kushuka, taratibu. "Kiko jikoni, rafu ya bibi. Ukitaka kukisoma, utakisomea humu humu."

Alifika chini, akamwekea nyota mikononi.

"Na ule mzunguko wako wa kukanusha, umefika wapi?"

"Sijaanza."

"Usianze," Afra alisema, akamshikia ngazi. "Panda."