Ng'ombe wa Bibi Tereza

Siku ile mjinga alikuwa Justina, na mpaka leo yeye mwenyewe habishi.

Kila asubuhi, kabla ya Justina kwenda shule, Bibi Tereza alikamua ng'ombe huku akimwimbia kwa Kingasa, lugha ya wazee wake. Pale kijijini kwao Rombo waliobaki wakiijua ni wawili tu: Bibi na kaka yake, mzee Eliezeri. Wengine wote walikwisha kuhamia Kichagga na Kiswahili.

Jumatatu hiyo rafiki yake Rachel alimpitia Justina, akasimama mlangoni pa banda.

"Bibi yako anaongea na nani?"

"Mwache tu! Hayo si maneno, ni kelele za kizee," Justina akajibu, akacheka kwa nguvu.

Bibi alisikia. Akainuka na ndoo yake. "Vizuri. Kesho utakamua wewe, kwa hayo maneno yako ya maana."

Kesho yake mama alikuwa ameshuka Himo sokoni, na Pamela, mdogo wake Justina aliyetoka kuugua surua, alikuwa analilia maziwa. Justina akachuchumaa, akabembeleza kwa Kichagga. Ng'ombe akabana maziwa. Akajaribu Kiswahili, akachapwa mkia usoni. Akamalizia na Kiingereza cha darasa la sita: "Gudi moning, kau!" Ndoo ilipigwa teke ikatua migombani, na Justina akakalia samadi.

Pamela alizidi kulia. Justina akaenda jikoni, kichwa chini.

"Shikamoo, Bibi. Nimekukosea. Nifundishe."

"Marahaba. Unataka lugha, au unataka maziwa?"

"Maziwa, Bibi," Justina alisema kweli. "Ila naona hayaji peke yake."

Bibi aliangua kicheko. Wakarudi bandani, Bibi akachuchumaa nyuma yake, akamtajia wimbo mstari kwa mstari. Justina akakosea, akarudia. Mara ya nne ng'ombe akaachia maziwa, na Pamela akanywa kikombe kizima.

Jirani yao Filemon, aliyekuwa anapita na panga lake, akachungulia bandani. "Mama, unamchosha mtoto bure. Mwache ajifunze Kiingereza, apate kazi."

"Kiingereza anafundishwa shuleni, na sijamzuia. Kichwa chake si gunia, hakijai. Ila mtoto akizoea kuyaonea aibu maneno ya kwao, kesho ataona haya kutaja hata jina la baba yake."

"Sawa, lakini mmebaki wawili!"

"Hiyo jana, Filemon. Leo tuko watatu."