Polikarpo na Ngolo Zisizo na Majani

Ndugu zangu wa Umatengo, nanyi wa kule chini ziwani, nipeni masikio yenu. Habari hii naijua barabara kwa sababu nimo ndani yake, tena mkosaji wa kwanza ni mimi, Kilian, mwalimu wa darasa la tatu.

Nyumba ya Polikarpo ilikuwa na raha. Asubuhi ungemkuta mwenyewe kwenye mibuni yake, mkewe Otilia anachambua maharage kibarazani, na binti yao Celestina anamwimbia mdogo wake aliyembeba mgongoni. Walikuwa watu wa kushiba na kucheka. Hukupita pale bila kukaribishwa togwa. Basi nikaingia mimi na vitabu viwili kwapani, nikaivuruga raha yote hiyo.

Ilikuwa mwaka 1951. Vitabu vyenyewe vilikuwa hadithi mbili za kale. Ya kwanza ni ya Mlinzi wa Moto, aliyewekwa kutunza moto wa kijiji wakati wa baridi kali, naye hakuondoka hata alipoiona nyumba yake inabomolewa na adui. Ya pili ni ya Mvushaji, aliyeamriwa asimvushe mtu ila mfalme. Lakini alipomwona mama mwenye uchungu wa kuzaa ng'ambo ya mto, alimwacha mfalme amesimama ukingoni akamwendea yule mama. Jamani, mnaujua utamu wa kusoma hadithi mbili kwa pamoja? Ukisoma moja unamjua mtu mmoja. Ukisoma zote mbili, watu wale wanaanza kuulizana maswali, nawe katikati yao hulali! Mmoja alisifiwa kwa kubaki, mwingine kwa kuondoka. Sasa nani zaidi?

Kila Jumapili baada ya misa darasa langu lilijaa hadi madirishani. Wanaume wa Lipingo, kule ziwani, walipanda mlima kwa miguu kuja kubishana nasi. Kiongozi wao, Damiano, mchonga mitumbwi, alimtetea Mvushaji. Sisi wa mlimani tulimtetea Mlinzi, na msemaji wetu alikuwa Polikarpo. Yule bwana alikuwa na kipaji, nawaambieni! Alikuwa akisimama, mimi mwalimu nasahau kwamba mimi ndiye mwalimu.

Ukaingia mwezi wa tatu, wakati wa ngolo. Ninyi wa ziwani msiozijua, kazi yake ni hivi. Mume hufyeka majani na kuyalaza mteremkoni kwa mistari inayokatana, yafanye miraba. Mke hufuata na jembe, huchimba shimo katikati ya kila mraba, akayafukia majani kwa udongo wake, na juu ya matuta hayo akapanda maharage. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni, na majani yaliyofukiwa huushika udongo. Kufyeka ni kazi ya mume. Mume asipofyeka, mke hana pa kuanzia.

Otilia alimkumbusha mumewe siku ya kwanza, akajibiwa kesho. Akamkumbusha wiki iliyofuata, akajibiwa kesho tena, maana Polikarpo alikuwa amejilaza chini ya mbuni na kitabu usoni, midomo inacheza. Mama wa watu akaja kwangu kunilalamikia. Na mimi, aibu yangu hii, nikamwambia avumilie mpaka shindano letu la mwisho na watu wa ziwani lipite, kwa kuwa mumewe anatupa heshima sote. Aliondoka bila kuaga.

Mwisho Polikarpo alichoka kusumbuliwa. Akamwambia mkewe alime hivyo hivyo bila majani, kwani mvua zilikuwa zinakaribia kwisha na mwaka mmoja hauna neno. Otilia alilima peke yake siku sita. Akapanda mbegu yote aliyokuwa ameiweka, hakubakiza hata kibaba, kwa sababu maharage yale ndiyo yangewalisha mpaka mwaka wa pili.

Ijumaa mvua ilishuka. Kwa majirani maji yalijaa mashimoni yakatulia. Kwa Polikarpo matuta yaliporomoka yote na mbegu zake, yakaingia kijitoni, na mteremko ukabaki mwekundu mtupu. Otilia alipompelekea mumewe habari hiyo, alijibiwa kwamba watazungumza baada ya Jumapili. Hata kwenda kutazama hakwenda.

Jumapili hiyo, ndugu zangu, sijapata kuona watu wengi vile! Damiano alisema vizuri mpaka tukaogopa. Kisha akasimama Polikarpo, akafunga vitabu vyote viwili, akasema polepole:

"Tumebishana miezi mitatu nani zaidi. Mimi leo nasema hawa si watu wawili, ni mtu mmoja. Aliyebaki na aliyeondoka, kila mmoja alijua nani anamtegemea, akamtumikia huyo, basi."

Darasa lililipuka. Damiano mwenyewe alikuja kumkumbatia. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Ndipo nikamwona Otilia mlangoni, mtoto mgongoni. Aliwapa wazee shikamoo, akaniomba ruhusa ya kusema. Sikuwa na uso wa kumnyima.

"Mimi sikusoma," alisema, "lakini nimesikia, na nimeelewa. Nami nataka kulinganisha watu wawili. Wa kwanza ni huyo wa vitabuni. Wa pili ni wangu. Baba Celestina, wewe unajua nani anakutegemea?"

Polikarpo aliviweka vitabu mezani pangu, akatoka nyuma ya mkewe, na kwa mara ya kwanza akaenda kuutazama mteremko wake.

Kesho yake alifyeka, nasi tulimsaidia, na majirani walichangia mbegu kidogo. Lakini mvua zilikuwa zimekatika. Walivuna debe moja, nalo halikufika mwezi wa kumi. Celestina aliacha shule, akapelekwa kwa shangazi yake kule Liparamba akapate kula. Mtoto yule alikuwa wa kwanza darasani mwangu. Hakurudi shule tena.

FUNZO

Sisemi watu waache vitabu. Ninavipenda mpaka leo, na kubishana juu ya watu wa hadithini ni raha kubwa! Lakini anayewapima watu wa vitabuni kila Jumapili, naye hajipimi hata siku moja, anawaumiza wa nyumbani kwake. Na sisi tunaompigia makofi tuna hatia pamoja naye. Polikarpo alisema kweli tupu siku ile, nayo kweli hiyo haikumlisha mtoto wake, kwa sababu aliisema tu.