Chupa ya Baba Mdogo

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na kwa wale waliovaa masikio kama mapambo, kwamba katika nyumba ile hakukuwa na kiumbe msafi kuliko mwanafunzi wa bweni aliyeitwa Profesa. Hakunywea kikombe cha mtu. Hakukalia kiti chenye joto la mwenzake. Soksi zake tu ndizo zilikuwa hazijaona maji tangu shule ifungwe.

Likizo hiyo alikaa kwa baba yake mdogo, fundi wa makochi. Kila asubuhi Baba Mdogo aliwasha sigara kabla hata ya kusalimia watu, akaingia chooni, akatoka uso umekunjamana kwa maumivu. Na kila asubuhi Bibi alimletea Mama Mdogo, mke wa fundi, kikombe cha mizizi ya uzazi iliyochemshwa, nyeusi, yenye harufu ya soksi za Profesa.

"Kunywa, mwanangu. Nataka mjukuu mwingine, huyu anajua kula tu."

Mama Mdogo aliziba pua, akanywa, machozi yakamtoka. Profesa aligeukia ukutani.

Hatimaye Baba Mdogo alikwenda hospitali, na daktari akataka kupima mkojo wake. Fundi akaona haya.

"Mtu mzima nionekane njiani na chupa ya mkojo? Profesa, ipeleke wewe maabara. Nikionekana mzima, basi tutajua tatizo ni la nani."

Chupa ilikuwa bado na joto. Profesa aliishika kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, kama aliyebeba panya aliyekufa. Kifuniko kikavuja, tone moja likamtambalia kwenye kidole gumba. Uvumilivu ukaishia hapo. Aliimwaga yote mtaroni, akaisuuza chupa, kisha akamwomba muuza chai wa langoni pa hospitali amjazie chai ya rangi iliyopoa.

Mtaalamu wa maabara, mama mnene mwenye miwani, aliinyanyua kwenye mwanga. Akainusa.

"Mgonjwa wako anakojoa tangawizi?"

"Anakula vizuri, mama," Profesa aliiambia sakafu.

"Naona. Hata jani la chai limo." Akaiweka mezani taratibu. "Kama ningeandika kwamba hana maambukizi, nani angeumia?"

Profesa alikikumbuka kile kikombe cha mizizi cha Mama Mdogo. 

"Mwambie chupa imeharibika, aje mwenyewe. Mengine utayasema wewe."

Baba Mdogo alikwenda, akapimwa mkojo, kisha na mbegu za uzazi. Siku ya majibu waliingia wote kwa daktari, Bibi akiwa mbele.

"Una maambukizi ya muda mrefu," daktari alimwambia Baba Mdogo. "Chembe za ulinzi za mwili zinapopigana na vijidudu hutoa kemikali kali. Vita vikiendelea, kemikali hizo huushinda mwili, zikaharibu mbegu za kiume. Moshi wa sigara huongeza kemikali kama hizohizo. Mbegu zako nyingi zimedhoofika. Sasa utamaliza dawa yote, mkeo naye atapimwa, na sigara basi. Wengi hupata nafuu, ingawa siwezi kukuahidi mtoto."

Bibi alikuwa mpole ghafla. "Na mizizi yangu?"

"Kamwagie maua, bibi."

"Maua yana kosa gani?" Mama Mdogo aliuliza.

Daktari alicheka, kisha akawa makini. "Mwili hauoni haya kuugua. Sisi ndio tunaona haya kusema. Aibu na kinyaa havijawahi kumponya mtu, ila vimewachelewesha wengi."

"Lakini ile chupa ya kwanza," Mama Mdogo alisema, "iliharibikaje?"

Mlangoni alisimama yule mama wa maabara, akipuliza kikombe chake cha chai, macho kwa Profesa juu ya miwani.

"Niliimwaga," Profesa alisema. "Nikapeleka chai. Kinyaa kilinishinda. Mama Mdogo, nisamehe. Ungeendelea kunywa kile kitu kwa sababu yangu."

Mama Mdogo alimgeukia.

"Nyumbani kimebaki kikombe kimoja," alisema.

Profesa akaanza kuziba pua hapohapo.