Namba ya Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, mimi na Amou tulikuwa tunakwenda kisimani kupima maji. Ilikuwa lazima tufike kabla ya saa moja, kwa sababu saa moja mlinzi huwasha pampu, na pampu ikishaanza kuvuta, kipimo hakifai tena. Amou alibeba daftari, mimi nikabeba tepu ya kupimia. Jina langu ni Arot. Wakati huo nilikuwa Gredi ya Saba katika shule yetu iliyo nje kidogo ya Kakuma, na nikisema kweli, nilikuwa najiona sana.

Kisima chetu kilichimbwa kwa mashine, na pampu yake hutumia umeme wa jua. Kando yake kuna bomba jembamba la kuteremshia tepu. Unateremsha polepole mpaka ncha iguse maji, nayo hulia pii! Hapo unasoma namba kwenye mdomo wa bomba. Amou aliiandika daftarini, nami nikaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa tangi, mahali palipopakwa rangi nyeusi, ili kila anayekuja kuteka maji aione. Halafu Mwalimu Kipngeno, anayetufundisha sayansi, huituma kwa simu kwenye ofisi ya maji huko Lodwar.

"Maji haya ni ya watu wote," alituambia, "kwa hiyo habari zake pia ni za watu wote."

Januari namba ilikuwa mita thelathini na nane. Februari Mwalimu akaitwa Lodwar kwa mafunzo ya mwezi mzima. "Endeleeni kupima," alisema. "Andikeni ukutani na daftarini. Nikirudi nitazituma zote pamoja." Akaondoka. Hakuna aliyejua kwamba mwezi huo mmoja ungetugharimu vile.

Ijumaa moja naibu wa chifu aliitisha baraza pale pale kwenye tangi, akaniita mbele niwasomee watu ukuta. Nikasimama kifua mbele. "Wiki iliyopita namba ilikuwa thelathini na tisa," nilisema. "Leo ni arobaini na moja. Imepanda!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja alinitemea mate ya baraka kichwani, kama wazee wetu wanavyomfanyia mtoto aliyewafurahisha. Naibu wa chifu akasema mtoto kama mimi asipange foleni ya maji. Tangu siku hiyo nikifika na mtungi, watu walikuwa wananipisha.

Tukirudi shuleni, Amou alifungua daftari. Halafu akasema, "Arot, leo tepu imeingia ndani zaidi."

"Ndiyo. Si nimesema namba imepanda?"

"Namba imepanda, maji yameshuka. Tepu inateremka mpaka ikutane na maji. Ikiteremka zaidi, maji yako mbali zaidi. Yanatukimbia."

Nilijua papo hapo kwamba anasema kweli. Mtoto wa chekechea angejua. Lakini masikio yangu bado yalikuwa yanasikia vigelegele, na niliona aibu kurudi kuwaambia wale watu kwamba nimesoma kinyume. Amou na mama yake walikimbia vita Sudan Kusini, na mama yake anauza unga kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Basi nikamtupia neno ambalo mpaka leo linanichoma.

"Wewe wa kambini ndiye utakayenifundisha kisima cha kwetu?"

Amou alifunga daftari. "Haya," alisema. "Basi sema wewe wa kwenu."

Sikusema. Ijumaa iliyofuata ilikuwa arobaini na mbili, na nyingine arobaini na nne. Watu walifurahi. Waliokuwa wakiteka mitungi miwili wakateka minne. Jirani yetu akapanda sukumawiki, na mlinzi akawa anaiacha pampu ivute mpaka jioni. "Maji si yapo!" alisema. Mimi nikapita mbele ya foleni na mtungi wangu, kimya.

Jumamosi, Mjomba Ejore akanipigia kwenye simu ya mama. Mjomba ni ndugu wa mama yangu. Alikuwa malishoni huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, akiwa na mbuzi arobaini na watatu, na hao ndio mali yake yote. Kwetu Waturkana, wafugaji wakikutana njiani, hawapitani bila kuulizana: umetoka wapi, nyasi vipi, maji yako wapi? Na anayeulizwa husema alichokiona. Mtu anaweza kujisifu bure kuhusu fahali wake, watu wakacheka tu. Kwenye maji hakuna mzaha.

"Ejok, Arot," Mjomba alinisalimu kwa Kiturkana. "Nasikia siku hizi unapima maji mwenyewe. Vipi huko?"

"Jana ilikuwa arobaini na nne, Mjomba."

"Na Januari?"

"Thelathini na nane."

Alicheka kwa furaha. "Ah, basi yanakuja juu! Huku bwawa limebaki tope tupu. Nahama na mbuzi wote. Siku sita nitakuwa kwenu."

Nilifungua mdomo. Hakuna mtu aliyenishika koo. Nilikuwa peke yangu nyuma ya nyumba, na ningeweza kusema kila kitu.

"Karibu, Mjomba," nikasema.

Siku ya tano baada ya simu ile, pampu ilianza kukohoa. Bomba likatoa maji, likatoa hewa, likatoa tope, halafu tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Fundi Bichiok alikuja kwa pikipiki, akaisikiliza, akaizima. Kisha akaangalia zile namba ukutani kwa muda mrefu.

"Nani aliwaambia maji yamepanda?" aliuliza. "Hizi ni namba za maji yanayoshuka! Pampu inaning'inia mita hamsini. Mmevuta kutwa nzima mpaka maji yakafika chini yake, ikanyonya hewa, ikaungua. Imeandikwa hapa hapa, jamani, mnaipita kila siku!"

Watu wote waligeuka wakaniangalia. Nilikimbia nyumbani nikachukua simu ya mama. Nilimpigia Mjomba mara ishirini. Alikuwa porini, mahali pasipo na mtandao.

Kesho yake alifika. Mbuzi walinusa hori la kunyweshea, wakakimbia, wakaanza kulamba saruji kavu. Walikuwa na siku tatu bila kunywa. Sitasahau sauti ya zile ndimi. Mjomba alisimama na fimbo yake, akiangalia hori, akiangalia tangi.

"Mjomba," nikamwambia nikilia, "nilijua."

"Ulijua siku nilipopiga simu?"

"Ndiyo."

Hakunipiga. Hakunitukana. Aligeuka akaenda kwa mbuzi wake. Ningefurahi angenichapa.

Vijana walichimba kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, mpaka kina cha watu watatu, wakapata maji kidogo ya matope. Watoto walikunywa kwanza, kisha wazee. Yaliyobaki hayakuwatosha mbuzi. Kwa siku nne walikufa mbuzi thelathini na watano.

Mwalimu Kipngeno aliporudi, aliitisha baraza. Alianza na kosa lake. "Niliwawekea namba ukutani bila kuwafundisha kuzisoma," alisema, "na sikuzituma Lodwar kwa wakati. Wangeziona, wangetuonya." Kisha akaniita. Nilieleza yote mbele ya watu, hata lile neno nililomwambia Amou. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikamgeukia Amou nikamwomba msamaha.

Alinitazama, akanipa chaki. "Wewe andika namba," alisema. "Mimi nitachora."

Akachora kisima ukutani kwa rangi, kirefu, chenye alama kila mita. Mstari wa buluu unaonyesha maji yalipo, na mwekundu unaonyesha pampu ilipo. Buluu ikikaribia nyekundu, hata asiyejua kusoma anajua kuna hatari. Baada ya wiki tatu pampu mpya ililetwa. Ofisi ya maji ikaamuru ivute saa nne tu kwa siku, na mifugo inywe kwa zamu. Mpaka leo tunafuata utaratibu huo, na pampu haijaungua tena. Mimi napanga foleni kama wengine.

Miezi miwili baada ya pampu mpya kuletwa, siku ya Ijumaa, simu ya mama ililia. Alikuwa Mjomba Ejore, amerudi Lokiriama. Alikuwa hajaongea nami tangu siku ile.

"Arot. Maji vipi huko?"

"Mita arobaini na tano, Mjomba. Namba imeongezeka, maana yake maji yamekwenda mbali. Pampu inavuta saa nne tu kwa siku. Ukileta mbuzi hawatapata maji ya kutosha. Usije."

"Sasa hiyo ndiyo habari," alisema. "Sikiliza, mtoto wa dada yangu. Kukosea kusoma si dhambi, hata mimi nimewahi kufuata wingu lisilo na mvua. Lakini ulipojua, ukanyamaza ili watu waendelee kukusifu, sifa zako walizilipia mbuzi wangu. Ukijua jambo la maji, liseme lote, liseme mapema, hata kama litakuaibisha. Aibu hupona. Mbuzi hafufuki."

"Nimesikia, Mjomba. Basi mbuzi utawapeleka wapi?"

"Wanane?" alisema. "Wanane wanatoshwa hata na maji kidogo ya hapa. Sikuwa na mpango wa kuja, Arot. Nilitaka tu kujua kama nikikuuliza, utaniambia."