Mashine Isiyoachia Chembe

Plagi ilikuwa imeshachomolewa, lakini mfuko ndani ya mashine ya kufyonza vumbi uliendelea kujaa na kunywea, kujaa na kunywea. Mshonaji aliuona kupitia kifuniko cha plastiki. Akamgeukia fundi umeme, ambaye wateja wote walimwita Spaki, na kumshuku papo hapo.

"Umeiunganisha wapi kwingine?"

"Dada, plagi si hii hapa mkononi mwangu? Ni hewa iliyobaki tu hiyo. Itatulia."

Mshonaji hakuwa mtu wa kupigwa changa la macho. Juzi tu alikuwa amemkatalia Spaki mashine mbili dukani. Nyaya za chumbani kwa mama yake mshonaji zilikuwa zimeungua, na njia fupi ya kupitisha mpya ilikuwa kukata ukuta wa sebule kwa grenda. Daktari naye alishasema bila kuzunguka kwamba kifua cha mama hakina nafasi ya vumbi. Likimwingia la simenti, ndiyo basi. Mashine ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ya kufyonza makombo ya biskuti. Ya pili ilikuwa kubwa na yenye kelele, ila haina mfuko, na mshonaji aliposhika kitambaa cheusi nyuma yake, pale inapotolea hewa, kikawa kama kimemwagiwa unga.

"Hilo si kitu," Spaki alisema.

"Si kitu kwa kifua chako."

Wakachukua ya tatu, yenye mfuko mzito na chujio la matundu madogo kabisa. Muuzaji alijigamba kwamba kikiingia humo hakitoki, hata chembe. Kitambaa kilibaki cheusi, na mshonaji akaridhika.

Jambo moja hakumwambia fundi. Marehemu baba yake, aliyekuwa mwashi, aliupiga plasta ukuta ule kwa mkono wake, mchana mmoja, akiwa amejifungia ndani peke yake, na tangu hapo hakuruhusu hata msumari wa picha. Mshonaji siku zote alidhani ni maringo ya mzee na kazi yake. Fundi gani hana maringo?

Asubuhi hiyo mashine iliwekwa koridoni, mlangoni kwa mama, kwa sababu soketi iliyobaki nzima ilikuwa hapo. Mlango wa mama ulifungwa na blanketi likasukumwa chini yake. Spaki akakata. Badala ya harufu kavu ya simenti, ukuta ukatoa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala siku nyingi bila kula, na mfuko ukajaa kabla mfereji wa nyaya haujafika hata urefu wa mkono. Ndipo alipozima, akachomoa plagi, na mfuko ukaanza kuhema.

"Dada," Spaki alinong'ona, "mama kakohoa saa ngapi mara ya mwisho?"

Mshonaji akatega sikio mlangoni. Kikohozi cha mama, vitatu vifupi na kimoja kirefu, ndicho kilichokuwa saa yake ya kushonea miaka yote hii, na hakuwa amekisikia tangu grenda iguse ukuta. Akasukuma mlango, blanketi na vyote, akijiandaa kuona asichotaka kukiona.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, uso umetakata, anapumua kama msichana.

"Kifua kimefunguka, binti yangu," alisema.

Mshonaji akalia kwa furaha, hana aibu. Mama siku zote alimwita Kidoti, hata akimgombeza, lakini nani angehesabu neno siku kama hiyo?

"Mmekata ukuta wa baba yako," mama akaendelea taratibu. "Alifungia jini humo. Sasa yumo kwenye ule mfuko. Mwagieni maji, changanyeni na simenti, mzibe mfereji leo hii hii."

"Mama, mfuko umeuona saa ngapi? Mlango ulikuwa umefungwa."

"Fanya ninavyokuambia."

Shaka haikumtoka, lakini mbele yake kulikuwa na mama anayepumua, na hilo alikuwa ameliomba kwa miaka mingi mno kuanza kulikagua kama kitambaa cha dukani. Akatoka.

Spaki alimwaga vumbi kwenye karai uani, akamimina maji na simenti, akakoroga kwa mwiko huku amegeuza uso, na kila alipokoroga mchanganyiko ulitoa mapovu, na kila povu lilipopasuka lilitoa mlio mwembamba wa mtu anayevuta pumzi kwa shida, mlio ambao mshonaji alikuwa na hakika ameusikia mahali, tena si mara moja, lakini kila alipotaka kuukumbuka ni wa nani, sauti nzima, safi, ilimwita kutoka chumbani ikisema wafanye haraka, wafanye haraka, jua lisije likazama ukuta ungali wazi.

Wakaziba. Spaki akalainisha plasta, akakusanya vifaa akaondoka, mashine akaiacha.

Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake, jua likiwa bado dirishani. Hakuwa amemaliza mshono mmoja alipokisikia, kutoka nyuma ya plasta mbichi: vitatu vifupi, kimoja kirefu.

Kisha, kwa mbali na kwa taabu: "Kidoti."

 Akakumbuka ile mashine ikifyonza mlangoni kwa mama, blanketi ambalo halikuziba kitu, na jinsi alivyochagua mwenyewe ile isiyoachia hata chembe. Akaweka kiganja ukutani. Palikuwa na unyevu bado. Akapapasa mezani kutafuta mkasi.

"Usiuguse ukuta wa baba yako, binti yangu."

Yule wa chumbani alikuwa amesimama nyuma yake, kitambaa cheusi kimeziba mdomo, kama mgonjwa mstaarabu. Alipokiondoa, kilikuwa cheupe kwa vumbi. Mkasi ulikuwa mkononi mwake mwingine.

Ukutani kikohozi kikarudi, mara hii viwili tu, na chini ya kiganja cha mshonaji plasta ilikuwa inaanza kuganda.