Taa ya Ndani Haizimi

Osmund alikuwa fundi umeme wa magari, tena fundi hasa, msinicheke. Ila alikuwa na kawaida yake: hamalizi kazi mpaka amtie mtu ndani ya gari, hata kama vioo vinaonyesha kila kitu. Aliyekaa ndani ndiye shahidi, kesho asije akabisha. Kawaida hiyo ndiyo iliyomponza.

Jioni moja, giza likianza kuingia, Mama Kunegunda, mjane aliyekaa mtaa wa Mshangano, alimwita kwake. Osmund akaenda na mkewe Hilda. Walioana Pasaka, hawaachani hata kwenda dukani.

Uani palikuwa na gari jekundu la spoti, la zamani, milango miwili. Mali ya marehemu Pankrasi, mume wa mama yule, aliyefia humohumo kwenye kiti cha abiria. Milango imefungwa. Taa ya ndani inawaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haizimi tangu tumzike. Na betri nimeshaitoa."

Osmund akacheka, akafungua boneti.

Betri haipo...

Akaitazama taa: bado inawaka! Lakini mbele ya mke mpya, mwanamume atasemaje anaogopa? Akajikaza. Akang'oa swichi ya mlango, kile kitufe kinachobonyea mlango ukifungwa, akafunga mpya. Ndani ya gari palinuka udongo mbichi.

"Mama, kaa humo nifunge mlango, uniambie kama inazima."

"Mimi? Thubutu!" Kisha akamwangalia Hilda, kwa upole mno. "Mwanangu, msaidie mumeo."

Hilda akaingia, akakaa kiti cha abiria. Osmund akafunga mlango.

Taa ikazima.

"Hilda? Imezima?"

Kikajibu kikohozi. Kizito, cha mtu mzima mwanamume.

Mlango ukafunguka. Hilda akashuka, akajinyoosha mgongo, akampita Osmund kama hamjui. Akamshika Mama Kunegunda kiunoni.

"Mama Aidan, nina njaa," akasema, kwa jina ambalo Pankrasi alimwitia mkewe.

Sauti ya Hilda. Maneno si yake.

"Karibu nyumbani, mume wangu," mjane akajibu, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Hilda!" Osmund akapiga ukelele.

Mama Kunegunda akageuka kwenye mlango wa nyumba. "Gari chukua. Mkeo yumo humo. Ukimtaka, tafuta wa kukaa badala yake."

Komeo likapigwa. Nyuma ya Osmund, taa ya ndani ikawaka. Kitini hapakuwa na mtu, lakini kioo kiligongwa kwa ndani, polepole...

"Osmund," mtu akanong'ona. "Bado haijazima."

Alilia, jamani, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tatu, gari likiwa limevutwa hadi gereji kwake, mtaa wa Lizaboni, Rosemary, mdogo wake Hilda, alifika kutoka Peramiho. Simu ya dada yake haikuwa ikipatikana.

"Shemeji, dada yuko wapi?"

Osmund hakumtazama machoni. Kiti cha abiria alikuwa ameshakifuta vumbi.

"Anakuja sasa hivi," akasema. "Hebu kaa humo kidogo, shemeji, uniambie kama taa inazima."