Gunzi Mdomoni mwa Bidoni

Goma nzima hakuna mwanamke anayelijua Ziwa Kivu kunishinda mimi. Kweli, maji yake hayajawahi kunipita magoti. Kazi yangu ni kukaa juu ya mawe meusi na kutazama watu, na kutazama bado hakulipiwi kodi.

Kila Jumamosi binti Dorine wa mtaa wa Katoyi huteka maji, huosha vyombo, kisha hukimbilia ziwani. Huko Mama Émérance hufundisha watoto kuendesha kayaki, ule mtumbwi mwembamba unaoweza kupinduka hata ukipiga chafya. Ndani yake, mbele na nyuma, kila mtoto hushindilia bidoni tupu, yaani madumu ya plastiki, zilizofungwa vizuri. Kayaki ikipinduka, maji hukosa nafasi ya kuijaza.

Siku hiyo walipaswa kujipindua makusudi karibu na ufuko. Yule ambaye kayaki yake ingezama hangeshiriki mashindano ya Jumapili. Kumbe Dorine alikuwa amepoteza kifuniko cha bidoni yake moja akicheza bombani. Akaiziba kwa gunzi la mahindi.

"Dorine, umefunga na kifuniko?" Mama Émérance aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Nimekaza mpaka vidole vinauma!"

Akajipindua. Alipoibuka na jaketi lake la kuelea, kayaki ilikuwa inazama. Gunzi lilielea kando yake, likioga bila haraka.

"Ee Dorine, umekuja kulima mahindi?" mwenzake Josias alimcheka.

Dorine akaanza kulia. "Nimedanganya, Mama. Lakini nikiteka maji, gunzi halimwagi hata tone!"

"Mutoto wangu, njiani maji yanatulia. Ziwani yanasukuma. Ungesema kweli, ningekutafutia kifuniko. Je, kama ungekuwa katikati ya ziwa?"

Mama Émérance akaenda kwake, hapo jirani, akarudi na bidoni yenye kifuniko.

"Bwana yangu, Papa Théogène, ameitoa mwenyewe, kwa moyo mweupe," alisema.

Wakaivuta kayaki ufukoni na kuimwaga maji. Dorine akakaza kifuniko, akaisukuma bidoni ndani, akajipindua tena. Safari hii kayaki ilielea kama bata. Watoto wakashangilia.

"Jumapili utashindana," Mama Émérance alisema. "Munaona, watoto? Kosa dogo ukilisema mapema, linatengenezwa. Ukilificha, linakuzamisha. Semeni kweli siku zote..."

"Émérance!" Papa Théogène alikuwa anateremka mbio, mikono imejaa mafuta. "Nani amemwaga mawese yangu ndani ya beseni ya kuogea? Na bidoni yangu iko wapi?"

Watoto wote walimgeukia Mama Émérance. Ghafla, yeye alikuwa na kazi nyingi sana ya kuhesabu makasia.